Mguu wa Kulia

Kondoo arobaini na kitu wamekata njia ya Harizti,
wa mwisho kabisa anachechemea,
naye ndiye aliyenivunjia mwendo.

Nilipinda kisigino nje, upande wa kulia, tak,
kama mtu anayechomoa ufunguo mlangoni mwake,
nikakanyaga lami.
Manyunyu ya huku Baski hayanyeshi, yanakaa tu hewani,
lakini lami inayajua.
Hadi hapo, sawa. Kusimama nilishajifunza.

Kibao kinasema asilimia kumi na nane.
Kibao hakina miguu.

Joseba na Garazi walipita kabla ya kengele ya kondoo wa kwanza,
sasa ni vitone viwili kwenye kona ya juu,
kimoja chekundu, kimoja cha njano.
Aliye juu mngoje chini, husema wahenga,
ila wahenga hawakuvaa viatu vyenye kikucha cha chuma.
Mimi ndiye niliye chini, na walio juu wananingoja.
Wanakula ndizi.

Jaribio la kwanza:
mguu wa kushoto umenaswa, nasukuma,
baiskeli inasogea shibiri tatu,
wa kulia unaitafuta pedali, nayo imejigeuza tumbo juu,
inanikwepa kama sabuni inavyomkwepa mwenye povu machoni.
Natazama chini. Usitazame chini.
Gurudumu linasita, dunia inafikiri kidogo,
kisha inaniangusha upande ule ule ulionaswa,
polepole, kwa heshima,
kama gunia linaloshushwa na mtu mwenye mgongo mbovu.

Nimelala, nimefungwa kwa baiskeli yangu mwenyewe.
Mimi, Maialen Urkiola, miaka arobaini na saba,
mfamasia, niwaambiaye watu kila siku:
kimoja asubuhi, kimoja jioni, usiruke.

Jaribio la pili sitalieleza. Goti linalikumbuka.

Dirisha likafunguka, namba kumi na tisa.
Bi Kontxesi anakung'uta kitambaa cha meza,
makombo yananiangukia kofiani.
Miaka thelathini ameunga minyororo kiwandani bondeni,
na baiskeli hajapanda hata siku moja.
"Binti," akasema, "mbona unapigana na mlima uso kwa uso?
Mimi viazi nilivipandisha hapa kwa kukata mshazari,
kama mtu anayekwenda kwa jirani wa ng'ambo.
Na huo mguu wa pili, usiusumbue.
Utaingia ukitaka kuingia."
Akafunga dirisha. Palikuwa na baridi.

Nikanyanyua gurudumu la nyuma,
nikauzungusha mnyororo hadi gia nyepesi kuliko zote,
jambo la kufanywa kabla ya kusimama, kabla ya kondoo,
kabla, neno ambalo daima huja baadaye.
Usukani nikauelekeza kwenye ukuta, si kileleni.
Breki zote mbili.
Pedali ya kushoto juu, mbele kidogo,
kama mshale wa saa tano asubuhi.

Nikaachia, nikasukuma pigo moja zito,
na mguu wa kulia nikautua tu, popote,
pedali ikiwa mgongo au tumbo,
katikati ya unyayo, unateleza,
haujanasa, haujaahidi kitu.

Ukuta ukaja. Nikageuza.
Ukuta wa pili ukaja. Nikageuza.
Nusu mzunguko. Nusu nyingine.
Namba ishirini na saba, ishirini na tisa,
zizi lenye mlango wa bluu, mbwa asiyejisumbua kubweka,
na pale njia inapolegea kidogo, karibu na birika la ng'ombe,
bila kuutazama, bila kuuomba,

tak.

"Umechelewa," akasema Joseba.
"Kondoo," nikajibu, nikapokea nusu ya ndizi iliyokwisha kuwa nyeusi.
Damu ilikuwa imefika kwenye soksi.
Dawa ya goti ninayo, rafu ya tatu, dukani,
kilomita ishirini huko chini.